Shajara ya mradi: kuitoa Office ya kukraki dukani na nyumbani

Agosti 2025 mwishoni, hali ilivyo

Nianze na hali ilivyo manake bila hivyo huko mbele hamtanielewa. Steshenari yangu ipo Morogoro upande wa Msamvu, kazi zetu ni zile zile za kila steshenari, kuchapa, kuprinti, fotokopi, skani, spairo, laminesheni, CV na barua za maombi, mitihani ya shule za jirani, ripoti za field za wanachuo wa SUA na Mzumbe, na msimu wa harusi ukifika kadi za mialiko na za michango. Mashine ziko nne, desktop mbili za zamani zenye Windows 10, desktop moja ya Windows 11 na laptop ya kaunta. Zote zina Office 2016 ya kukraki, yaani Word na Excel zisizo na leseni, ile fundi anakuja na flashi yake, anazima antivairasi kwanza, anabonyeza kitu, kioo kinawaka cheusi kidogo, anaondoka na elfu kumi. Nyumbani laptop mbili, stori ile ile.

Kwa nini nahangaika sasa hivi: tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wanaacha kutoa apdeti za usalama za Windows 10, na siku hiyo hiyo Office 2016 na Office 2019 nazo zinafika mwisho. Haimaanishi zitazimika, zitaendelea kufungua na kuprinti kama kawaida, ila tundu likigundulika baada ya hapo hakuna wa kuliziba. Sasa steshenari ndo sehemu mbaya kuliko zote kuwa na matundu, flashi za mji mzima zinapita pale, na zile programu za kukraki zenyewe zinajulikana kubeba mizigo, kuna za kuiba paswedi, kuna za kuchimba sarafu za mtandaoni ukiwa umelala. Na wateja wanafungua imeili zao kwenye mashine zetu, wengine hata kutoka hawatoki, unakuta asubuhi Gmail ya mtu ipo wazi na mkataba wake wa kazi umefunguka.

Kwa hiyo mradi wenyewe: kila mashine iwe na programu halali kabla ya hiyo tarehe, kazi ya mteja isiharibike, hela itoke pale tu inapobidi. Nyumbani vile vile, ila nyumbani hamna haraka.

Septemba mwanzoni, bei

Nimekaa na kikokotoo. Nimechukua bei za Marekani zilizotangazwa, za Septemba 2025, na dola moja nimeiweka kama shilingi 2,500, dukani kwa mawakala bei inaweza kupishana lakini picha unaipata.

Microsoft 365 Personal, ile Office ya kulipia kila mwaka, ni dola 99.99 kwa mwaka, kama laki mbili na nusu. Mpaka 2024 ilikuwa dola 69.99, ikapanda Januari 2025 walipoingiza Copilot, msaidizi wao wa akili bandia, ndani yake. Family ni dola 129.99, watu mpaka sita, kila mtu anapata nafasi ya TB 1 OneDrive, stoo yao ya mtandaoni. Nikaifurahia hiyo Family dakika chache hivi, nikasema si naweka duka zima na nyumba nzima humo humo, halafu nikasoma masharti. Personal na Family ni za matumizi ya nyumbani, sio za biashara. Duka linatakiwa lichukue zile za Business. Business Standard ni dola 12.50 kwa mwezi kwa mtu mmoja ukijifunga mwaka, yaani dola 150, kama laki tatu na elfu sabini na tano. Business Basic ni dola 6 lakini hiyo Word yake ni ya kwenye brauza na simu tu, hupati ya kuinstoo kwenye mashine.

Na hapa kuna kitu wengi hawakijui, leseni ya kulipia kila mwaka ni ya mtu, sio ya mashine. Mtu mmoja anaweza kuinstoo kwenye kompyuta tano zake, sawa, lakini kwangu pale kompyuta moja inakaliwa na dada wa kaunta asubuhi, mchana mdogo wangu, jioni mimi. Sasa hapo ukifuata sheria vizuri unalipia watu watatu, zaidi ya milioni moja kwa mwaka, kwa ajili ya kuchapa barua za kuomba kazi. Hapana.

Afu kuna ya katikati ambayo watu wakianza kubishana bure au kulipia wanaisahau, ile ya kununua mara moja. Office Home & Business 2024, dola 249.99, kompyuta moja, inaruhusiwa biashara, apdeti za usalama mpaka Oktoba 2029. Ukigawa kwa miaka minne iliyobaki ni kama dola 62 kwa mwaka. Ni laki sita na kitu kwa mkupuo, inauma, pale kwangu kuprinti ukurasa ni shilingi 200 kwa hiyo ni kurasa zaidi ya 3,000 hata kabla hujatoa hela ya karatasi na wino. Lakini baada ya hapo hamna mtu anakudai.

Upande wa bure: LibreOffice, OnlyOffice, WPS ya bure yenye matangazo, Google Docs, na Word ya kwenye brauza ambayo ukiwa na akaunti ya Microsoft haina malipo, wanakupa GB 5 za kutunzia. Za brauza nimezitoa mapema kwa dukani. Umeme ukikatika Msamvu ruta inalala na kila kitu kinalala, wakati laptop ya kaunta ina betri na ingeweza kumalizia barua ya mtu anayewahi basi.

Septemba, jaribio la dirishani

Sikutaka kusikiliza maneno ya watu, kila mtu ana timu yake. Nimechukua folda la kazi zetu wenyewe, templeti za CV, barua, kadi, fomu za shule, pamoja na mafaili ambayo wateja wameniruhusu niyajaribie, nikaweka LibreOffice kwenye laptop ya kaunta (kushusha ni kama MB 350, bando la usiku linatosha), nikafungua kila faili kwenye Word na kwenye LibreOffice, nikaprinti zote mbili, nikazibandika karatasi mbili mbili kwenye kioo cha dirisha mchana jua likiwa kali. Ukizilaza moja juu ya nyingine unaona hapo hapo mstari gani umehama. Dada wa kaunta akaniuliza, "Kaka, tunatafuta noti bandia?"

Barua za kawaida: zinalala sawa. CV ambazo tumechapa sisi: sawa. Fomu zenye majedwali: sawa kasoro chache ambazo jedwali limeshuka nusu mstari. Kadi za harusi zilizopambwa maua na maboksi ya maandishi yaliyobebana: hapo vurugu, boksi la majina ya wazazi limepanda juu ya ua.

Mfano mzuri kuliko yote ni mtihani wa hisabati wa kidato cha pili. Kwenye Word kurasa nne, kwenye LibreOffice kurasa nne na kistari kimoja cha tano, kile kimstari cha "Mwisho wa mtihani" kimebaki peke yake huko. Lakini hilo dogo. Swali la 8 lina pembetatu, na zile herufi A, B, C za kwenye kona kila moja ni boksi lake dogo. A na B zimekaa pale pale. C imetoka kwenye kona yake ikashuka ikatua juu ya swali la 9, kwa hiyo mwanafunzi anaona "CTafuta thamani ya x". Nikabonyeza moja moja kuangalia zimefungwa wapi, kumbe maboksi hayajajishikiza kwenye aya moja, A na B kwenye aya ya swali la 8, C mwalimu aliiweka mwisho ikashika aya ya 9. Aya ikisogea kidogo tu, herufi inaifuata. Dawa yake ni kuyachagua maboksi yote pamoja na pembetatu na kuyafunga kuwa kitu kimoja, hapo hata ukihama programu yanahama yote kama yalivyo.

Sasa ile kurasa ya tano ilikuwa inanisumbua mpaka nikaangalia fonti.

Septemba, fonti

Faili la docx, yaani la Word, kwa kawaida halibebi fonti, linabeba jina la fonti. Likifika kwenye mashine ambayo haina hiyo fonti, programu inachukua nyingine inayofanana fanana, upana wa herufi ukipishana hata kidogo basi mstari unakatika sehemu nyingine, mistari ikiongezeka ukurasa unafurika. Times New Roman, Arial na Calibri zinakuja na Windows yenyewe kwa hiyo LibreOffice ikiwa juu ya Windows inazikuta. Tatizo ni Aptos. Tangu 2023 Microsoft walianza kuitoa Calibri, iliyokuwa fonti ya kuanzia tangu Office 2007, wakaweka Aptos, na Aptos inakuja na Office mpya, haiji na Windows 10. Kwa hiyo mtu anaandika kwenye Word mpya ofisini kwao, hagusi fonti, anakutumia, kwako inafunguka na kitu kingine.

Na hii ndo niliyoona watu hawaisemi: Office 2016 yetu ya kukraki nayo haina Aptos! Yale mafaili yaliyokuwa yanahama kwenye LibreOffice kwa ajili ya Aptos yalikuwa yanahama kwenye Word yetu pia, ila kwa vile ni Word hamna aliyeishuku. Tulikuwa tunasema "mteja amepanga vibaya".

Nikachimba zaidi. Faili la docx ni zip tu, ukibadilisha jina mwishoni likawa .zip unalifungua na ndani kuna folda linaitwa docProps lenye faili la app.xml, pale pameandikwa faili limetengenezwa na programu gani. Nikafungua ya mafaili yaliyokuja kwa WhatsApp mwezi huu kwa wateja walioniruhusu. Yapo yaliyotoka Word, ndio, lakini mengi, mengi kweli, yameandikwa WPS Office, ile ya bure inayokaa hata kwenye simu. Watu wanachapa kwenye simu! Mwanachuo anaandika ripoti yake kitandani kwenye simu, anatuma. Mwalimu wa ule mtihani naye ni hivyo hivyo, alianza shuleni kwenye kompyuta akamalizia kwenye simu.

Hapo hesabu yangu imebadilika. Nilikuwa nawaza kwamba nikiwa na Word halali basi faili la mteja litafunguka kama yeye alivyoliona. Sasa mteja mwenyewe hana Word, alichokiona yeye kilikuwa kwenye simu yenye fonti zake. Hakuna programu duniani, ya bure wala ya kulipia, itakayojua alichokiona. Kinachojua ni PDF peke yake.

Kwa hiyo kabla sijanunua chochote nimebandika karatasi ukutani na kuiweka kwenye status ya WhatsApp ya duka: KAMA HAKUNA CHA KUREKEBISHA TUMA PDF. KAMA KIPO TUMA VYOTE VIWILI. Hiyo karatasi imepunguza ugomvi wa kaunta kuliko programu yoyote niliyoijaribu humu.

Septemba mwishoni, kaunta

Mwalimu wa hisabati amekuja kuchukua mtihani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Bosi, huu wa kwangu mbona safari hii herufi zimetulia?"

Nikamwonyesha namna ya kufunga pembetatu na herufi zake, akatoa simu akairekodi video, akasema atawaonyesha wenzake ofisini. Na kweli wiki hiyo hiyo wa fizikia katuma saketi zimefungwa vizuri.

Dada wa kaunta ndo alikuwa na malalamiko na alikuwa na haki. LibreOffice ikifunguka mara ya kwanza ina menyu za kizamani na vitufe vidogo vidogo, yeye mkono wake umezoea utepe wa Word. Kuna sehemu kwenye menyu ya View unabadilisha muonekano unachagua ule wa tabu, ukishafanya hivyo inakaribiana sana na Word. Kingine nilichobadilisha kwenye kila mashine ni aina ya faili la kusevia. Yenyewe inasevu .odt, ambayo ni kiwango cha ISO tangu 2006 na mimi sina ugomvi nayo, lakini mteja akifika nyumbani na .odt kwenye simu anarudi na maneno. Kwenye Options, Load/Save, unaiambia isevu .docx na .xlsx moja kwa moja. Bila kufanya hivi usimwekee mtu LibreOffice kabisa, utamchonganisha nayo siku ya kwanza.

Kitu kilichomfurahisha ni mistari myekundu. LibreOffice ina kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia, ukiiwasha barua ya Kiswahili haionekani tena imepigwa viboko vyekundu kila neno, na "maombi ya nafasi ya kzai" inakamatwa. Haijui maneno yote, viambishi vyetu vinaichanganya, lakini ipo. Word nayo unaweza kuiwekea Kiswahili, sisi kwenye ile ya kukraki haikuwahi kuwekwa. Wakubwa mtakumbuka hii safari ya Kiswahili kwenye programu za ofisi sio ya jana, 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, menyu zote Kiswahili, na LibreOffice ilitoka kwenye hiyo hiyo OpenOffice mwaka 2010. Watu wengi wanaotumia LibreOffice leo hapa nchini hawajui kwamba kuna wenzetu walikaa wakatafsiri menyu moja moja.

Oktoba mwanzoni, Excel ya kikoba

Upande wa mahesabu nilidhani ndo pagumu kumbe nusu nusu. Daftari la mauzo la duka, stoo, madeni, vyote vimehamia Calc, yaani Excel ya LibreOffice, bila shida, fomula zile zile. Tangu toleo la 24.8 la 2024 hata XLOOKUP, fomula ya kutafuta kitu kwenye jedwali, ipo, kabla ya hapo ukifungua shiti yenye XLOOKUP ulikuwa unakula makosa matupu. Mistari ni 1,048,576 sawa na Excel, sio kwamba duka langu litaifikisha.

Iliyogoma ni shiti ya kikoba cha akina mama wa mtaani, tunawaprintia ripoti kila mwisho wa mwezi. Mweka hazina wao kijana wake alimtengenezea Excel nzuri kweli, ina vitufe vya rangi, ukibonyeza "Funga mwezi" inahesabu hisa, mikopo, riba na faini za waliochelewa inatoa ukurasa wa kila mwanachama. Hiyo ni makro, maagizo yaliyoandikwa ndani ya faili yanayojiendesha yenyewe. LibreOffice inasoma baadhi ya makro za Excel na nyingine haiziwezi, hiki kitufe ukibonyeza kinakuletea boksi la makosa. Namba zote zipo, fomula zipo, kitufe tu ndo kimekufa.

Mama akaniambia, "Mwanangu, mi sitaki kujua programu gani, mi nataka wanachama wangu wapate karatasi zao Jumamosi."

Na ni kweli, huo mfumo ni wa kwao, siwezi kuwaambia waandike upya kwa sababu mimi nimebadilisha programu. Kwa hiyo mashine moja lazima iwe na Excel yenyewe. Hapo ndo uamuzi ulikamilika.

Oktoba, kabla ya tarehe 14

Nimenunua Office Home & Business 2024 moja, imekaa kwenye desktop ya Windows 11. Hii sasa inaitwa mashine ya mapokezi, kila faili la nje linaanzia pale, lenye makro, kadi yenye maua, ripoti ya chuo yenye maoni ya msimamizi, na ina Aptos yake. Likishakuwa PDF linaprintiwa popote.

Ushauri wa pembeni kwenye kununua: zile funguo za dola ishirini zinazouzwa mitandaoni achaneni nazo, nyingi ni funguo za makampuni au mashule zilizovuja, siku mwenye nazo akizifunga unabaki na Word isiyoandika. Hapo unakuwa umerudi kwenye kukraki, tofauti ni kwamba umelipa.

Laptop ya kaunta: LibreOffice juu ya Windows. Desktop mbili za zamani haziwezi Windows 11, prosesa zake ni za zamani kuliko wanazokubali. Moja nimeiweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, LibreOffice inakuja nayo, na nimeiongezea fonti ya Carlito ambayo herufi zake zina upana sawa sawa na Calibri, kwa hiyo mistari inakatika pale pale. Mdogo wangu anaichapia siku nzima na hajalalamika, kilichomsumbua ni namna ya kuangalia flashi imetoka salama. Nyingine imebaki na Windows 10 kwa sababu mashine kubwa ya fotokopi haina draiva ya Linux ninayoiamini, nimeitoa intaneti kabisa, nimeitoa na Office, ina kisoma PDF peke yake. Inaprinti basi.

Ile ya kukraki imefutwa kote. Fundi alipita kusalimia, nikamwambia kazi imeisha, akacheka akasema nitamtafuta.

Oktoba mwishoni, nyumbani

Nyumbani ilikuwa rahisi kuamua na ngumu kutekeleza. Watoto hawana neno, wa kidato cha tatu anatengeneza slaidi zake kwenye Impress, PowerPoint ya LibreOffice, na anachotaka yeye ni picha zisogee. Mama watoto ndo anaandika tasnifu ya shahada ya pili.

"Baba watoto, msimamizi wangu anarudisha na maoni pembeni na mistari mekundu, huko kwenye ya bure nitayaona?"

Tumekaa tukajaribu na sura yake ya pili. Maoni yote yanaonekana, yale masahihisho unayakubali au kuyakataa moja moja kama kwenye Word, na akirudisha kwa msimamizi jina lake linaonekana. Marejeo alikuwa anatumia Mendeley ambayo nyongeza yake ya sasa ni ya Word tu, tumehamia Zotero inayokaa vizuri kwenye LibreOffice na Word zote. Kuhamisha marejeo kulichukua jioni nzima na chai ya kutosha. Toleo la kupeleka chuo atalifungulia dukani kwenye mashine ya mapokezi, na akitaka kuchungulia tu usiku, Word ya brauza inamtosha.

Laptop yake ni ya Windows 10, tumeiandikisha kwenye ule mpango wa apdeti za ziada wa mwaka mmoja, mpaka Oktoba 2026, ambao ukisawazisha mipangilio yako na akaunti ya Microsoft hulipi ada yake ya dola 30.

Wakati naandika hii nimeona tume ya ushindani ya Australia imewashtaki Microsoft mahakamani kuhusu ile kupandisha bei ya Personal na Family, wanadai wateja hawakuambiwa wazi kwamba kulikuwa na chaguo la kubaki na mpango wa zamani usio na Copilot kwa bei ya zamani. Kesi itaamuliwa huko kwao. Mimi ninachokichukua ni kwamba anayelipia kila mwaka hashiki bei, na siku akiacha kulipa Word inabaki kufungua na kuprinti tu, kuandika hamna. Kwa steshenari hiyo ni kufunga duka.

Lakini nisimseme vibaya kila anayelipia. Jirani yangu wa juu ana ofisi ya uhasibu, wapo kadhaa, wanaingia kwenye shiti moja ya Excel wote kwa wakati mmoja, imeili zina jina la ofisi yao, mmoja akiwa Dodoma kwa mteja anaona kilichobadilishwa Morogoro dakika hiyo. Alikuja kuniuliza ahamie LibreOffice apunguze gharama, nikamwambia usithubutu, wewe unacholipia sio Word, unalipia kufanya kazi pamoja. Na mwenye familia kubwa yenye mapicha mengi, Family ukiihesabu kama stoo, TB 6 kwa dola 130, ni bei nzuri na Word ni nyongeza. Ila mtu mmoja mwenye laptop moja anayeandika barua mbili kwa mwezi akilipa laki mbili na nusu kila mwaka, huyo mi simwelewi.

Desemba, hali ya sasa

Duka limetembea bila kukwama. Kazi nyingi ajabu zinamalizikia LibreOffice bila kugusa mashine ya mapokezi, kuliko nilivyotarajia, foleni ya pale ni kadi za harusi na kikoba. Kadi nazo nimeanza kuzipunguza, majina ya waalikwa yanaandikwa kwenye shiti ya Calc na Writer, Word ya LibreOffice, inayavuta yenyewe inajaza kadi moja moja, templeti nimezitengeneza upya bila yale maboksi yaliyobebana. Kamati moja ya harusi imeleta majina zaidi ya mia tatu kwenye picha ya daftari, hiyo hakuna programu itakayoisaidia, dada amechapa kwa mkono.

Yaliyobaki: desktop ya fotokopi nikipata hela inabadilishwa. Kijana wa mweka hazina amerudi likizo, ameiangalia ile shiti ya kikoba na anasema nusu ya kile kitufe inaweza kuwa fomula za kawaida, tumekubaliana ajaribu na namba za Januari sambamba na ile ya zamani, zikilingana mama atabonyeza popote. Na ripoti za wanachuo zinaanza kumiminika karibuni, kwa hiyo karatasi ya PDF ukutani nimeiprinti upya, safari hii A3 na nimeilamineti.